Uji wa Ulezi Hadi Busanza

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Kahama ananiuliza swali moja: "Vipi, walimpokea?" Wengine nimewajibu ndiyo, wengine nimewajibu bado. Majibu yote mawili ni ya kweli, na ndiyo maana nalala vibaya, nikiogopa mtakutana mlinganishe. Basi nimeamua kuandika mara moja, mnisome wote. Nikizunguka sana mnivumilie. Mnanijua.

Kahama hadi Nyakanazi

Kwa wasiojua: Bibi Kabula ni mama yake mama yangu, ana miaka sabini na tatu. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mjomba Masanja, dereva wa malori ya kwenda Kigali. Huko huko akaoa, akapata watoto wawili, kisha miaka minne iliyopita akaugua na kufariki. Tulimzika hapa. Mkewe, Clarisse, alikuja msibani na watoto, akakaa siku moja, hakugusa chakula, akaondoka. Tangu siku ile Bibi hakuwaona wajukuu wake wala kusikia sauti zao.

Lakini ubaya ulianza kabla ya msiba. Teta, mjukuu mkubwa, alipozaliwa miaka tisa iliyopita, Bibi alipanda lori la mwanawe na debe la ulezi ili akampikie mzazi uji. Akapika, akamimina kikombe, akampa Clarisse kwa mikono miwili. Clarisse akakishika tu, hanywi. Ndipo mama yake Clarisse akasema mbele ya wageni, "Mama, onja kwanza."

Mnajua kwetu maana yake nini kumwambia mwanamke mzee aonje alichokipika mwenyewe. Mnajua vikongwe waliohama vijiji kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni. Bibi aliweka mwiko chini, akasema, "Mimi si mchawi," na kesho yake akapanda gari kurudi. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa sote nyumbani tukikua: watu wa Kigali walimwita Bibi mchawi.

Mimi nina shahada na sina kazi, kwa hiyo muda ninao. Namba ya Clarisse niliikuta kwenye simu ya zamani ya marehemu. Nilimwandikia ujumbe, nikaufuta, nikauandika upya, wiki nzima. Nilipoutuma, tiki mbili zikawa za bluu siku ile ile, kisha kimya cha siku kumi na moja. Jibu lilipokuja lilikuwa hivi: "Muje Busanza, samedi ya mwisho wa mwezi, saa tisa. Saa kumi na moja watoto wana mambo yao. Musichelewe."

Samedi ni Jumamosi, hilo nililijua. Nililisoma labda mara arobaini. Halafu nikaenda kwa Bibi nikamwambia, "Wametukaribisha."

Mnaona tatizo? Nilimbebesha neno ambalo halikuwemo. Bibi akafungasha vitu vya wiki nzima: michembe ya viazi vilivyokaushwa, karanga, mchele, unga wa ulezi, na kanga yake mpya, ile ambayo hajawahi kuifunga. Nikaona aibu kumwambia kwamba tumepewa saa mbili tu.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri kwa Noah iliyojaa watu na vifaranga. Mama mmoja akamuuliza Bibi mimi ni nani wake.

"Mume wangu," Bibi akasema. "Nimeolewa naye hana kazi, na mpaka leo hana."

"Mbona amenyong'onyea hivyo?"

"Anafikiri. Ndiyo kazi yake. Ingekuwa inalipa, ningekuwa na ghorofa."

Gari zima likacheka. Nilicheka pia, huku nikihesabu saa. Nyakanazi tulikaa karibu saa mbili kusubiri gari la kwenda Benaco lijae. Bibi alikula mahindi mawili ya kuchoma na mshikaki. Mimi sikuweza hata soda. Alinitazama muda mrefu akitafuna.

Rusumo

Mpakani tulifika mchana. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, na Bibi aliyatazama moja moja, milango, nembo, vyandarua vilivyoning'inia nyuma ya viti vya madereva. Tulivuka daraja kwa miguu. Katikati akasimama, mto chini unanguruma, na watu wanatupita.

"Hapa ndipo Masanja alipokuwa ananipigia," akasema. "Alikuwa anasema, 'Mama, sasa nahamia kulia.' Nilikuwa sielewi. Nikidhani ni mambo ya kanisa."

Akaangalia magari jinsi yanavyobadilisha upande yakivuka. "Kumbe ni hivi tu," akasema. Akabaki ameshika chuma cha daraja mpaka nikaogopa kwamba hatatoka pale.

Upande wa pili ndipo nilipogundua kosa langu la kwanza. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu safari ile, hata aina ya nyoka wa mbuga ya Akagera, lakini nikasahau mifuko ya plastiki. Afisa, binti mpole aliyenyooka kama rula, akafungua begi la Bibi.

"Mukecuru," akamwita, yaani bibi kizee, "hizi shashi haziruhusiwi." Akaonyesha mifuko. "Vitu munaweza kubeba. Shashi zinabaki hapa."

"Vitu bila mfuko navibeba na nini, mwanangu? Na meno?"

Binti akacheka, akafunika mdomo, lakini hakurudisha mfuko hata mmoja. Bibi akatoa ile kanga mpya, akaitandika juu ya meza. Michembe ikaingia, karanga zikafuata, mchele ukafungwa pembeni. Ukabaki unga wa ulezi. Unga hauwezi kukaa kwenye kanga, utapita.

Hapa nakiri jambo. Mimi husafiri na foronya yangu. Siwezi kulalia mto wa gesti bila kufikiria vichwa vya walionitangulia. Bibi anajua, na alikuwa ameahidi kuitunza siri hiyo.

"Mume wangu ana foronya," akamwambia yule binti kwa sauti ya kusikika foleni nzima. "Lete."

Kwa hiyo ulezi wa wajukuu uliingia Rwanda ndani ya foronya ya maua ya bluu.

Kabla ya kupanda basi la Kigali nilikumbuka jambo jingine: Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Nikajiandikia mkononi kwa kalamu: *toa saa moja*. Nilijisifu sana kwa hilo. Mtaona.

Rusumo hadi Gitega

Basi lilikuwa safi na kimya. Bibi akafungua mayai ya kuchemsha, akaanza kuwagawia majirani. Kila mtu akakataa kwa adabu. Mzee mmoja mwenye kofia akageukia dirishani kabisa.

"Hawa hawali?" Bibi akaninong'oneza.

Kijana wa kiti cha nyuma, aliyekuwa amesoma Mwanza, akainama kwetu. "Bibi, huku mtu mzima hali njiani mbele za watu. Vijana siku hizi wanakula tu, lakini wazee wanaona aibu."

Bibi akafunga mayai yake. Kilomita nyingi zikapita, vilima na migomba na vilima tena. Karibu na Kayonza akasema, kama anayeongea na dirisha, "Msibani hakula." Sikujua kama lilikuwa swali.

Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali, tulishuka jua likizama. Waendesha pikipiki wakatuzunguka, kila mmoja na kofia ngumu mbili. Nilitaka teksi. Nilikuwa nimeshafikiria namna nne ambazo mwanamke wa miaka sabini na tatu anaweza kuanguka kutoka kwenye pikipiki. Bibi alikuwa tayari amevaa kofia juu ya kilemba.

"Mukecuru iko na nguvu!" dereva akasema.

"Nguvu zipo. Aliyepungukiwa ni huyu, mpakie polepole."

Tulifikia Gitega, mtaa wa Kigali, kwa Mama Kalisa, mjane anayepangisha vyumba viwili uani kwake. Rafiki yangu wa chuo ndiye aliyenielekeza. Mama Kalisa amekulia Karagwe, Kiswahili chake kimechanganyika na Kinyarwanda kama wali na maharage. "Murakaza neza! Kalibuni, chumba iko tayari." Alitukumbatia, akamshika Bibi mikono mpaka kwenye viwiko, akamuuliza habari za watoto, ng'ombe na magoti.

Wakati wa chakula cha jioni sikuweza tena. Nikamwambia Bibi ukweli: hatukukaribishwa. Tumepewa saa mbili, kwa ujumbe mmoja, na sijui hata kama watatufungulia mlango.

Bibi akaendelea kuchambua samaki. "Najua."

"Unajuaje?"

"Kama tungekaribishwa, ungekula Nyakanazi."

Akanimegea upande usio na miiba. "Ng'wanawane," akasema, mwanangu, na akisema hivyo hatanii. "Saa mbili ni nyingi. Mimi nimekaa miaka minne bila hata dakika."

Jumamosi ya umuganda

Clarisse aliandika samedi ya mwisho wa mwezi, na mimi, mtafiti, sikujiuliza ni siku gani. Asubuhi tulikuta mtaa umenyamaza. Maduka yamefungwa, barabara haina gari. Mama Kalisa alikuwa amevaa mabuti na ameshika jembe.

"Leo ni umuganda. Kila mutu anafanya kazi ya mutaa. Gari hakuna mpaka saa tano."

Nikaanza kupiga hesabu: saa tano, foleni, mvua, pikipiki zote kugombewa. Bibi akauliza jembe lingine liko wapi.

"Mugeni hapana! Kaa, pumzika."

"Nimekaa garini siku nzima. Makalio yameota mizizi. Lete jembe."

Basi nikamwona bibi yangu, Msukuma wa Kahama, anazibua mtaro wa Gitega pamoja na watu asiowajua. Alilima kuliko vijana. Walimcheka jinsi alivyokuwa akiimba kila anapoinua jembe, kisha wakaanza kuitikia bila kujua maneno. Mimi nilipewa toroli, likapinduka mara mbili.

Tulipomaliza, Mama Kalisa akatuketisha uani, akaleta maziwa mgando kwenye vikombe vikubwa. Akachukua kikombe cha Bibi, akanywa funda moja, akafuta ukingo kwa kiganja, kisha akampa kwa mikono miwili.

Bibi hakukipokea.

"Mbona umekunywa cha kwangu?"

Mama Kalisa akashangaa. "Nimeonja."

"Kwa nini?"

"Eh! Nisipoonja, utajuaje sikukutilia kitu? Anayetoa anaonja kwanza. Ni heshima, mukecuru. Hata mama yangu nikimupa, naonja."

"Na asiyeonja?"

"Asiyeonja..." Mama Kalisa akafikiri. "Basi yule anayepewa anangoja. Anashika tu kikombe, anangoja. Hawezi kunywa, na hawezi kusema. Labda mukubwa ndiye atamukumbusha, pole pole. 'Onja kwanza.' Sasa munafanyaje, nyinyi kwenu?"

Bibi alipokea kikombe, akakiweka mapajani, akakitazama. Udongo wa mtaro ulikuwa bado kwenye vidole vyake. Mama Kalisa akanitazama mimi, kuuliza amekosea nini, nami nikatikisa kichwa.

"Miaka tisa," Bibi akasema mwishowe.

Kisha akanywa maziwa yote bila kupumzika.

Gitega hadi Busanza

Hapa ndipo penye aibu yangu. Nilikuwa nimepanga tuondoke Gitega saa saba na nusu, tufike mapema, tukae mahali tupumue. Bibi alioga, akavaa gauni la kanisani, maana kanga mpya ilikuwa gunia. Simu yangu ilisema saa nane na nusu. Nikatazama mkono wangu: *toa saa moja*. Nikatoa. Saa saba na nusu. Tuko sawasawa.

Tulikuwa juu ya pikipiki mbili, tumefika Kicukiro kwenye taa nyekundu, Bibi aliponipungia mkono. Amevaa saa ya marehemu babu, ambayo hajaigusa tangu Kahama.

"Mume wangu! Yangu inasema saa kumi!"

"Hiyo ni ya kwetu, Bibi! Toa moja!"

"Nikitoa moja ni saa tisa!"

Nikatoa simu. Saa tisa kamili. Nikaganda. Simu ilikuwa imejirekebisha yenyewe pale pale Rusumo, na mimi nimekuwa nikitoa saa juu ya saa iliyokwisha kutolewa. Musichelewe, alisema. Neno moja tu la kututahadharisha alitupa.

"Kaka," nikamwambia dereva wangu, "kimbia."

"Hapana kukimbia," akasema kwa utulivu. "Kigali iko na kamera."

Busanza ni nyumba za ghorofa zilizopangwa zinafanana, watu waliohamishwa kutoka mabondeni wanaishi huko na wapangaji wengine. Tulipanda ngazi za jengo lisilo lenyewe. Tukashuka. Tukaelekezwa na mtu aliyekuwa akianika nguo, tukapotea tena. Bibi ameshika foronya kifuani, mimi nimebeba kanga begani, jasho linaingia machoni. Nilikuwa naomba msamaha kila ngazi, na Bibi ananiambia nitunze pumzi.

Mlango ulifunguliwa saa tisa na dakika arobaini.

Jikoni kwa Clarisse

Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka msibani. Hakusogea mlangoni mara moja.

"Nimesema hamutakuja," akasema. "Nimewaambia watoto, sawa, ni kama siku zote."

"Anti, kosa ni langu, simu yangu..." Nikaanza kueleza mambo ya mitandao na mipaka. Bibi akanisukuma kwa kiwiko.

"Mama Teta, shikamoo zetu baadaye. Naomba jiko."

"Nini?"

"Jiko, na sufuria. Na mwiko kama upo."

Nadhani ni mshangao tu uliomfanya apishe. Sebuleni kulikuwa na watoto wawili kwenye kochi, wamevaa nguo nzuri, mikono mapajani, kama wanaosubiri picha ya shule. Teta ana miaka tisa, uso wa mjomba Masanja mtupu, hadi lile pengo la meno. Ganza ana mitano. Picha ya mjomba ilikuwa ukutani juu yao. Bibi aliiona. Aliwatazama watoto, akaitazama picha, akawatazama watoto tena. Lakini hakuwakimbilia. Sijui alitoa wapi nguvu za kutowakimbilia. Alipita moja kwa moja jikoni akainjika maji.

Watoto wakaja mlangoni taratibu. Bibi alichota unga kutoka kwenye foronya.

"Kwa nini unapika mutandiko?" Ganza akauliza.

"Huu ni mto wa huyu kaka yenu. Halali bila uji."

Teta akacheka akajizuia, akamwangalia mama yake. Clarisse alikuwa amesimama, mikono ameifunga kifuani. Alikuwa ameutambua ulezi. Niliona. Alijua ni uji gani ule.

Bibi akakoroga mpaka ukaiva. Akaomba kikombe. Akamimina. Akakiinua mdomoni, ukiwa bado unafuka, akanywa funda moja mbele yetu sote. Akafuta ukingo kwa kiganja, kama alivyofanya Mama Kalisa. Kisha akakishika kwa mikono miwili, akampa Clarisse.

"Siku ile nilitakiwa kufanya hivi," akasema. "Sikujua. Nilidhani mnaniita kitu kingine. Kwetu mzee akiambiwa aonje, ameambiwa ni mchawi. Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Nimeonja, mwanangu. Umepoa miaka tisa, lakini nimeonja."

Clarisse hakuchukua kikombe. Nilihesabu, mnanijua, nilifika kumi na nane. Mikono ya Bibi ilikuwa bado imenyooshwa, uji ukamwagika kidogo kwenye vidole vyake. Hakuirudisha.

"Kwa msiba," Clarisse akasema, na sauti yake ikakatika. "Kwa msiba ya Masanja, munaniletea chakura. Sahani moja, sahani ya pili. Hakuna mutu ameonja. Hata moja. Nikasema, basi, hawa hawanitaki. Hata mbele ya kaburi yake hawanitaki. Nikakaa na njaa mupaka Rusumo."

"Wakasema unaringa," Bibi akajibu. "Mimi nikawaacha waseme."

"Nilikuwa na njaa, mama."

"Najua sasa."

Clarisse akachukua kikombe. Akanywa. Alikunywa huku machozi yanaingia kwenye uji, hakuyafuta, na alipofika nusu akampa Teta, lakini kabla ya kumpa akaonja tena. Teta akaonja, akampa Ganza. Ganza akakunja uso.

"Hakuna sukari."

"Eh!" Bibi akasema. "Mume wangu mdogo anachagua!"

"Mimi sio mume yako. Mimi ni wa la maternelle," akasema, yaani yuko chekechea.

Hapo ndipo Bibi alipochuchumaa. Polepole, kwa sababu ya magoti. Akanyoosha mikono yote miwili, akaiacha hewani, hakumvuta mtoto. Ganza akamtazama mama yake. Clarisse hakusema ndiyo wala hapana. Aligeuka tu, akaanza kutafuta sukari. Ganza akatembea hatua tatu.

Sitaandika zaidi hapo.

Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Nilikuwa naitazama kila dakika, naogopa kuisema. Watoto hawakwenda popote. Mpaka leo sijui hayo mambo yao yalikuwa nini, au kama yalikuwepo. Bibi alifungua kanga akamwaga michembe mezani. Ganza alisema ni mbao. Teta alitafuna mmoja kimya, akaomba wa pili, akauliza kama baba yake alikuwa akiila. Bibi akamwambia aliijaza mifukoni akaenda nayo shule, ikaota ukungu, akachapwa. Teta akarudia hadithi ile kwa mdomo tu, bila sauti, kama anayeikariri.

Saa kumi na mbili Clarisse akasimama. "Watoto wataoga." Tukaelewa.

Mlangoni Bibi akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo kama ya mtu anayeomba kazi, "Likizo... wanaweza kuja? Hata siku tatu."

Clarisse aliangalia sakafu. "Nitafikiri. Sisemi ndiyo. Nitafikiri."

Tulikuwa tumeshashuka ngazi Teta alipotokea juu, amejifunga ile kanga, imemzidi hadi inaburuta. Alikuwa ametumwa kuirudisha. Bibi akamwambia, "Kaa nayo. Nitakuja kuichukua."

Kurudi

Kurudi hakukuwa na mambo. Mama Kalisa alitupa mayai ya njiani, na Bibi hakuyafungua mpaka tulipovuka daraja. Pale katikati akasimama tena. Safari hii alitoa simu yake ya vitufe akaniomba nimpigie Clarisse. Haikupokelewa. Akaongea hivyo hivyo kwenye mlio, kabla haujakatika: "Mama Teta, sasa tunahamia kushoto."

Sasa ni wiki ya tatu. Wiki ya kwanza nilimwandikia Clarisse kuuliza habari za likizo, "hata siku tatu." Tiki mbili za bluu, basi. Ninaitazama simu asubuhi, mchana, na jioni. Nimeshawaza kwamba neno "hata" nililoandika lilionekana la kulazimisha. Nimeshawaza kwamba michembe iliwaumiza matumbo.

Jana nilimkuta Bibi jikoni kwake. Alikuwa amepanga vikombe vinne vya uji kwenye sinia. Akachukua cha kwanza, akaonja, akafuta ukingo. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu. Cha nne. Nyumbani tulikuwa wawili tu.

"Bibi, hivyo viwili ni vya nani?"

"Najizoeza. Mkono usisahau."

Tukanywa. Vile viwili vikabaki pale vinafuka, vikaacha kufuka. Nikamwambia kwamba Clarisse bado hajajibu, kwamba amesoma lakini yuko kimya, kwamba labda niandike tena, labda kwa maneno mengine.

Bibi alivifunika vikombe kwa kawa, kimoja kimoja.

"Mwache," akasema. "Anaonja kwanza."